Mlango Upi wa Mkopo? Mazungumzo na Wafanyabiashara Wadogo wa Vijijini



Tumekuja kuzungumza nanyi juu ya jambo moja: namna ya kupata mkopo mdogo wa biashara kwa wakopeshaji walio karibu nanyi, bila mkopo huo kuila biashara yenyewe.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Methali hiyo haimkatazi mtu kukopa. Inamwonya yule anayeshangilia siku ya kupokea fedha bila kuitazama siku ya kurejesha. Muuza maandazi, fundi cherehani, mfugaji wa kuku na mwenye mashine ya kusaga wote wanaweza kuinuliwa na mkopo. Lakini wote wanaweza pia kuangushwa nao, na mara nyingi tofauti imo katika mambo yaliyoulizwa, au yasiyoulizwa, kabla ya sahihi kutiwa.

Anzeni na biashara, si na mkopeshaji

Kabla ya kwenda kwa mkopeshaji yeyote, kaeni chini na daftari na mjibu maswali mawili. Fedha hii itanunua nini hasa? Na fedha hiyo itarudi mkononi lini?

Swali la pili ndilo linalosahaulika zaidi. Anayeuza chai na vitumbua hupata fedha kila siku, hivyo anaweza kulipa kila wiki. Anayefuga kuku wa nyama husubiri wiki kadhaa kabla ya kuuza. Mkulima wa korosho wa Newala au Masasi husubiri minada, ambayo kwa kawaida huanza Oktoba. Mkulima huyo akikopa fedha ya pembejeo na kukubali kulipa kila wiki tangu Juni, atalipa kwa fedha ambayo hana, na itambidi akope kwingine ili kulipa deni la kwanza. Marejesho yafuate mapato. Mkopo wenye riba nafuu usiofuata majira ya biashara yako bado unaweza kukuumiza.

Milango iliyopo vijijini

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imewagawa watoa huduma katika madaraja manne. Daraja la kwanza ni taasisi zinazopokea amana za wananchi, ambazo nyingi ziko mijini. Kwa hiyo tutasema zaidi juu ya zile zinazofika vijijini.

Mlango wa kwanza ni kikundi cha kuweka na kukopa, ambacho wengi wenu mnakijua kwa jina la VICOBA. Sheria inakiweka katika daraja la nne, na kinapaswa kusajiliwa na halmashauri. Utaratibu huu wa vikundi ulianza mwaka 1991 nchini Niger, kwa wanawake wa vijijini waliosaidiwa na shirika la CARE, kisha ukaenea Afrika hadi kwetu. Wanachama hununua hisa kila wiki, fedha huhesabiwa mbele ya wote, na sanduku hufungwa kwa kufuli tatu ambazo funguo zake hushikwa na watu watatu tofauti. Vikundi vingi humruhusu mwanachama kukopa hadi mara tatu ya hisa zake.

Uzuri wa kikundi ni kwamba riba unayolipa haiendi mbali. Mwisho wa mzunguko hugawanywa kwa wanachama, na wewe umo. Udhaifu wake ni kwamba fedha zake ni chache, muda wa mkopo ni mfupi, na usalama wake wote unategemea uwazi. Kikundi ambacho sanduku hukaa kwa mtu mmoja na funguo zake zote, au ambacho mahesabu hayasomwi mkutanoni, kikimbieni hata kama viongozi wake ni ndugu zenu.

Mlango wa pili ni SACCOS, yaani chama cha ushirika wa akiba na mikopo. Hiki ni daraja la tatu, na kinasimamiwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika, ambayo pia hutoa leseni. SACCOS inaweza kutoa mkopo mkubwa zaidi na wa muda mrefu zaidi kuliko kikundi. Hata hivyo, unahitaji kuwa mwanachama na kuweka akiba kwanza, hivyo haifai kuukumbuka mlango huu siku ya dharura. Anayefikiri atahitaji mtaji mwakani ajiunge mwaka huu. Kabla ya kujiunga, ombeni kuiona leseni, na ulizeni lini wanachama walisomewa taarifa ya ukaguzi wa hesabu kwa mara ya mwisho.

Mlango wa tatu ni mkopo wa halmashauri. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo haina riba. Mtu wa kwanza kumwona ni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yenu, ambaye atawaeleza masharti ya sasa na namna ya kuandika maombi. Jambo moja tunalisisitiza: hakuna anayepaswa kudai chochote ili jina la kikundi chenu lipite. Akitokea wa namna hiyo, toeni taarifa TAKUKURU kwa kupiga namba 113, simu isiyo na malipo.

Mlango wa nne ni mkopeshaji binafsi au kampuni ya mikopo isiyopokea amana. Hili ni daraja la pili, na ni lazima awe na leseni ya Benki Kuu ya Tanzania. Wapo wanaofanya kazi hii kwa uaminifu, na hukubali wateja ambao milango mingine haijawafungulia. Benki Kuu imeweka ukomo wa riba kwa daraja hili, nao ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Orodha ya wenye leseni hutangazwa katika tovuti ya Benki Kuu. Asiye na simu yenye intaneti amwombe mtendaji wa kijiji au mwalimu wa shule amsaidie kutazama.

Hesabu ya mkopo wa kausha damu

Mnajua ni kwa nini wananchi wameuita hivyo. Huja mpaka mlangoni, hautaki maelezo mengi, na fedha hutoka siku hiyohiyo. Tufanye hesabu yake pamoja.

Tuseme mama mmoja anaambiwa amekopeshwa shilingi 200,000. Kwanza zinakatwa shilingi 20,000 za fomu, hivyo anapokea 180,000. Anatakiwa kulipa shilingi 10,000 kila siku kwa siku 26. Kiasi cha siku kinaonekana kidogo, lakini jumla yake ni shilingi 260,000. Amelipa 80,000 juu ya 180,000 alizoshika, na mwezi haujaisha.

Sasa tuitazame biashara yake. Tuseme genge lake linampa faida ya shilingi 5,000 kwa siku. Kila siku anapata 5,000 na kutoa 10,000. Zile 5,000 zinazopungua hutoka katika mtaji. Baada ya siku 26 deni limekwisha, lakini katika zile shilingi 180,000 zimebaki 50,000. Na hapo tumekubali kwamba faida haikushuka wakati bidhaa zilipopungua gengeni, wala nyumbani hakukuliwa hata shilingi moja ya faida hiyo. Mama huyu amefanya kazi karibu mwezi mzima kwa ajili ya mtu mwingine. Sasa hana budi kukopa tena, na mkopeshaji analijua hilo.

Tulinganishe na kikundi. Tuseme amekopa shilingi hizohizo 180,000 kwa miezi mitatu, kwa riba ya asilimia 10 kwa kipindi chote. Atarejesha 198,000, na sehemu ya zile 18,000 za ziada itamrudia wakati wa mgao.

Asilimia ileile, gharama mbili

Msiridhike na kuambiwa asilimia peke yake. Chukueni mkopo wa shilingi 600,000 wa miezi sita kwa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi. Riba ikihesabiwa kila mwezi juu ya zile 600,000 za mwanzo, mtalipa riba ya shilingi 126,000. Ikihesabiwa juu ya deni lililobaki, huku mkirejesha 100,000 kila mwezi pamoja na riba ya mwezi huo, riba yote itakuwa shilingi 73,500. Asilimia ni ileile, lakini tofauti ni shilingi 52,500. Kwa hiyo ulizeni kwa shilingi: nitapokea ngapi mkononi, na mpaka mwisho nitakuwa nimelipa ngapi?

Maswali ya kuuliza kabla ya kutia sahihi

1. Leseni au cheti chako cha usajili kiko wapi, na nani anakusimamia?
2. Nitapokea shilingi ngapi baada ya makato yote?
3. Nitalipa jumla ya shilingi ngapi, kwa tarehe zipi?
4. Riba inahesabiwa juu ya mkopo wa mwanzo au juu ya deni lililobaki?
5. Nikichelewa, nitatozwa nini? Nikimaliza mapema, nitapunguziwa?
6. Dhamana ni kitu gani hasa, na itachukuliwa kwa utaratibu upi?
7. Naweza kupata nakala ya mkataba, kwa Kiswahili, niende nayo nyumbani nikaisome?

Mkopeshaji anayekasirishwa na maswali haya amekwisha kuwajibu.

Dhamana, wadhamini na siri zenu

Shamba na nyumba ya familia si mali ya kuwekwa rehani kimyakimya. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mwanandoa mmoja kuiweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Wenye hati ya hakimiliki ya kimila wanaweza kuitumia kama dhamana, lakini wajiulize kwanza: je, mkopo wa genge unastahili kubebwa na shamba linalowalisha watoto?

Anayeombwa kuwa mdhamini afahamu kwamba anaweza kudaiwa deni lote. Msimdhamini mtu kwa sababu ya aibu ya kukataa. Wala msimwachie mkopeshaji kadi ya benki pamoja na namba ya siri.

Simu nazo zimeleta wakopeshaji wapya. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila idhini. Baadhi ya programu za namna hii husoma majina yaliyomo katika simu yako, na ukichelewa kulipa hutuma ujumbe wa kukudhalilisha kwa jamaa na majirani. Taarifa zenu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Na anayekutaka utume kwanza fedha ya bima au ya usajili ndipo akutumie mkopo, huyo ni tapeli.

Mambo yakiharibika

Mvua hukosa, kuku hufa, na mgonjwa hupelekwa hospitali kwa fedha ya mtaji. Likitokea la kutokea, msijifiche. Nendeni kwa mkopeshaji kabla ya tarehe ya malipo, mkamweleze na kuomba ratiba mpya, na makubaliano hayo yaandikwe. Tunzeni kila stakabadhi na kila ujumbe wa malipo. Dawa ya deni ni kulipa, lakini kudaiwa hakumpi mtu ruhusa ya kuvunja mlango wenu, kuwapiga au kuwatangaza hadharani.

Mkiwa na malalamiko, yapelekeni kwanza kwa mkopeshaji mwenyewe kwa maandishi na mbaki na nakala. Msiporidhika, nendeni kwa msimamizi wake: kikundi kwa halmashauri, SACCOS kwa afisa ushirika, kampuni ya mikopo kwa Benki Kuu, yenye ofisi Arusha, Mwanza, Mbeya, Dodoma, Mtwara na Zanzibar.

Ndugu zetu, hatukuja kuwaambia msikope. Tumekuja kuwaomba mkope mchana, kwa macho mawili, mahali ambapo mnaweza kuuliza na kujibiwa. Anayehitaji mtaji msimu ujao aanze leo: ajiunge na kikundi au SACCOS, anunue hisa kidogo kidogo, na aandike mauzo yake kila jioni. Daftari hilo na akiba hiyo ndivyo vitakavyomsemea siku atakapokaa mbele ya mkopeshaji, na ndivyo vitakavyompa nguvu ya kuinuka na kuondoka iwapo masharti hayafai.

Sasa tunakaribisha maswali yenu.