SSD ya Seva ya Nyumbani: Usilipie Kasi Usiyoitumia

Haya ni maandishi ya mazungumzo ya Afisa wa Habari wa Kaunti na wakazi waliofika katika ukumbi wa maktaba kujifunza jinsi ya kuhifadhi picha, sauti na video nyumbani. Yamefupishwa kidogo kwa ajili ya jarida.

 

Wakazi huja ofisini kwetu kuuliza kama tunayo video ya baraza fulani, kwa sababu mzee wao alizungumza siku hiyo na sasa hayupo. Wakati mwingine tunayo. Mara nyingi video iliyokuwapo ilikuwa kwenye simu ya mtu mmoja, na simu hiyo iliibwa au iliharibika. Ndiyo maana leo tunazungumzia hifadhi ya nyumbani, na hasa diski ya SSD, kwa kuwa wengi wenu mmeuliza ipi ya kununua.

Kwanza, seva ya nyumbani ni nini? Ni kompyuta ndogo, au hata laptopu ya zamani, inayokaa imewashwa ikiwa na picha, muziki na filamu za familia. Runinga na simu zilizo nyumbani huzicheza kupitia Wi-Fi. Kwa kuwa faili ziko humo humo ndani, hutumii bando. Programu kama Jellyfin hufanya kazi hiyo bila malipo. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001 ingali inafanya kazi hata sebuleni kwako, kwa hivyo weka ulichorekodi mwenyewe au ulichopata kihalali.

Kasi si shida yako

Dukani utaambiwa SSD hii ina kasi kuliko ile. Tupige hesabu. Filamu ya ubora wa kawaida wa HD huhitaji takriban megabiti 10 kwa sekunde. Runinga nne zikicheza filamu nne tofauti kwa wakati mmoja, hiyo ni megabiti 40. Baiti moja ni biti 8, kwa hivyo diski inatakiwa kutoa megabaiti 5 tu kwa sekunde.

Diski ya kawaida, ile yenye sahani inayozunguka, hutoa zaidi ya megabaiti 100 kwa sekunde. SSD ya aina ya SATA hutoa karibu 550. Ile ya NVMe inaweza kupita 3,000. Lakini vyote hivyo hupitia rauta yako. Ikiwa tundu la rauta ni la megabiti 100, haliwezi kupitisha zaidi ya megabaiti 12.5 kwa sekunde. Likiwa la megabiti 1,000, mwisho wake ni megabaiti 125. Kununua NVMe ghali kwa kazi hiyo ni sawa na kununua tangi lenye bomba la inchi nne, na maji yakaendelea kutoka kwa mfereji uleule mwembamba.

Basi SSD ina faida gani? Haina kitu kinachozunguka ndani, kwa hivyo haipigi kelele na haiumii upesi ikisukumwa au ikianguka. Hutumia stima kidogo. Tena kompyuta ya zamani huwaka na kufungua programu upesi zaidi. Hizo ni sababu nzuri za kuinunua.

Maisha ya SSD

Data ndani ya SSD hukaa katika vyumba vidogo vya chipu. Aina ya TLC huweka biti 3 katika kila chumba, na QLC huweka 4. QLC huwa na bei nafuu kwa nafasi ileile, lakini huchoka mapema na hupunguza kasi sana ukiijaza faili kubwa kwa mfululizo.

Watengenezaji huandika kiwango kiitwacho TBW, yaani jumla ya terabaiti zinazoweza kuandikwa kabla ya waranti kuisha. Samsung 870 EVO ya terabaiti 1, ambayo ni TLC, ina TBW 600 na waranti ya miaka 5. Ndugu yake 870 QVO ya ukubwa huohuo, ambayo ni QLC, ina 360 na waranti ya miaka 3. Ukiandika gigabaiti 20 kila siku, ya kwanza ingechukua miaka 82 kufika kikomo, na ya pili miaka 49. Seva ya filamu huandika mara moja na kusoma mara nyingi. Kwa hivyo QLC ya kampuni inayojulikana si mbaya kwa kazi hii. SSD nyingi hazitaharibikia kwenye kuandikwa. Zitaharibika kwa stima, kwa joto, au kwa kuwa zilikuwa ghushi tangu mwanzo.

Stima ikikatika ghafla wakati diski inaandika, faili zaweza kuharibika. Laptopu ya zamani ambayo betri yake bado inashika chaji ni seva nzuri kwa sababu hiyo. Mwenye kompyuta isiyo na betri atafute UPS ndogo. Pia usiweke seva juu ya dari chini ya mabati. SSD nyingi za kawaida zimetengenezwa kufanya kazi hadi nyuzi 70 za Selsiasi, na ikipata joto sana hujipunguzia kasi.

Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya data huoza. Kiwango cha kimataifa kinataka SSD ya matumizi ya nyumbani, ikishamaliza TBW yake, ishike data kwa mwaka 1 bila stima katika nyuzi 30. Ikiwa mpya hushika muda mrefu zaidi, lakini usirekodi sauti ya nyanya yako kwenye SSD kisha ukaifungia kabatini miaka kumi.

Diski ghushi

Hapa ndipo pesa za wakazi hupotea. Ukiona SSD ya kubebeka inayodaiwa kuwa ya terabaiti 16, na bei yake hata terabaiti 1 ya kweli haiwezi kununua, iache. Nyingi za namna hiyo, zikifunguliwa, hupatikana na kadi ndogo ya kumbukumbu kama ya simu. Programu iliyo ndani yake imefundishwa kudanganya kompyuta kuhusu ukubwa. Kadi ikijaa, haikuambii. Huandika faili mpya juu ya zile za zamani. Majina ya picha utayaona, lakini ukizifungua hazipo.

Dawa yake ni kuipima siku ya kwanza, ikiwa tupu. Programu ya bure ya H2testw kwa Windows, au F3 kwa Linux, huijaza diski yote kisha huisoma tena. Hata ikichukua saa kadhaa, ivumilie. Usishtuke ukiona terabaiti 1 ikionyeshwa na Windows kama gigabaiti 931. Hiyo si ulaghai, ni tofauti ya namna ya kuhesabu.

Dai risiti yenye jina la duka na nambari ya kifaa. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka wa 2012 iko upande wako, na bidhaa ghushi huripotiwa kwa Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Ghushi. Bila risiti, malalamiko yako hayana pa kusimamia.

Ununue nini?

Gawa mali yako mafungu mawili. Fungu la kwanza ni filamu na muziki unaoweza kupata tena. Hizo ziweke kwenye diski ya kawaida yenye nafasi kubwa, kwa sababu bei yake kwa kila terabaiti iko chini. Fungu la pili ni vile visivyopatikana tena: harusi, matanga, sauti za wazee, picha za watoto, nakala za hati za shamba. Hilo huwa dogo. Video ya megabiti 10 hula gigabaiti 4.5 kwa saa, kwa hivyo terabaiti 1 inabeba zaidi ya saa 200.

Kwa familia nyingi, SSD moja ya SATA ya gigabaiti 500 au terabaiti 1 inatosha kwa mfumo wa seva na fungu la pili. Pesa ambayo ungeongeza ili upate kasi, nunulia diski ya kawaida ya nje na unakili fungu la pili humo. Nakala ya tatu ikae kwa dada yako au shemeji yako. Nyumba ikiungua au ikivunjwa, diski mbili zilizo kwenye meza moja zitaenda pamoja.

Dukani, uliza haya:

1. Ni SATA au NVMe? SSD nyembamba za M.2 hufanana, na tundu la aina moja huenda lisikubali nyingine. Beba kompyuta yako au jina lake kamili.
2. Ni TLC au QLC, na TBW ni ngapi?
3. Waranti ni ya miaka mingapi, na nani anaishughulikia hapa Kenya?
4. Nikiipima nikapata si ukubwa ulioandikwa, nitarudishiwa pesa ndani ya siku ngapi?

Muuzaji akikwepa swali la nne, nenda duka linalofuata.

Leo jioni, kabla hujanunua chochote, tafuta rekodi moja ambayo ikipotea hutaipata tena, na uinakili kwenye kifaa cha pili, hata kama ni simu ya mwanao. Hiyo haina gharama. Sasa tuchukue maswali.