Ukienda Shela, Uliza Maji Yatoka Wapi



Wazee wetu, kina mama, na nyinyi vijana wenzangu. Funga ikimalizika, Inshaallah, wengi wenu mtapanga safari za Idi. Wako watakaokwenda Lamu, na mtu akifika Lamu hakosi kwenda Shela. Basi leo nawauliza: ukienda Shela, waenda kutazama nini?

Wengi watajibu, ufuo. Sawa, ufuo ni mzuri. Lakini Shela ni kijiji cha wavuvi na manahodha, kama kilomita 3 kutoka mji wa Lamu, na kina mambo yake. Msikiti wake wa Ijumaa, ule wenye mnara mrefu, ulijengwa mwaka 1829. Kabla ya hapo, mnamo mwaka 1812 hivi, watu wa Pate pamoja na Mazrui wa Mombasa walishuka pale kuipiga Lamu. Walipozidiwa wakakimbilia majahazi yao. Lo! Maji yamekupwa, vyombo vimekaa juu ya mchanga. Wengi wakauawa hapo hapo ufuoni. Bahari yataka kujuliwa saa zake, na mvuvi hilo halimpiti.

Sasa vukeni mwende Manda, ng'ambo ya mlango wa bahari. Ngojeni maji yajae, kwa sababu mashua hupita katikati ya mikoko. Huko mtaona magofu ya Takwa: ukuta wa mji, msikiti wenye nguzo juu ya kibla, na nje ya ukuta kaburi lenye nguzo ndefu lililoandikwa mwaka 1094 wa Hijria. Mji ule ulihamwa katika karne ya 17. Wataalamu wengi waona kuwa sababu moja kubwa ni maji ya visima kuingia chumvi. Watu wa Shela husema wazee wao walitoka huko, na mpaka miaka yetu hii wamekuwa wakivuka kwenda kuomba dua ya mvua.

Ndugu zangu, hapo ndipo penye somo. Mji una msikiti, una nyumba za mawe, una ukuta. Maji matamu yakiondoka, watu nao huondoka.

Rudini Shela mtazame vile vilima vya mchanga nyuma ya kijiji. Mtoto huviona mahali pa kuteleza. Kumbe ni tangi! Mvua ikinyesha, mchanga huinywa, na maji matamu hukaa chini yakielea juu ya maji ya chumvi. Visima vya hapo ndivyo vinavyonywesha Shela na mji wa Lamu. Mkijenga juu ya mchanga ule, mkachimba mashimo ya choo, mkavuta maji kupita kiasi, chumvi hupanda. Ikishapanda, kuishusha ni kazi.

Nanyi mwajua nyumba na viwanja vya Shela vyatafutwa sana na wageni wenye pesa. Sisemi mgeni mbaya, wala sisemi mtu asiuze chake. Nasema, kilima cha mchanga si cha mtu mmoja. Anayekiuza auza na kisima cha jirani yake.

Basi mkienda, nendeni kwa adabu. Jisitirini. Pigeni hodi. Msimpige mtu picha bila ruhusa yake. Samaki nunueni kwa mvuvi mwenyewe. Chupa zenu rudini nazo. Na wewe kijana, mtafute mzee mmoja pale barazani, umwamkie vizuri, kisha umuulize: babu, kisima chenu zamani kilikuwa wapi, na maji yake leo yako vipi? Jibu lake liandike, uje utusomee hapa.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuhifadhi tulichoachiwa. Wabillahi tawfiq.