Mwandishi wa Deni na Msimamizi wa Kura

(Mhadhara uliotolewa baada ya swala ya Isha)

Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa walimwengu. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu katika imani, aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu haizungumzii swala wala saumu. Ni aya ya 282 ya Suratul Baqarah, nayo inazungumzia kuandikiana deni. Mola wetu ameamrisha kuwa mwandishi aandike baina ya wanaodaiana kwa uadilifu, mashahidi wawepo, na asidhuriwe mwandishi wala shahidi. Lizingatieni neno "baina". Mwandishi hukaa kati ya wawili. Si mtu wa mmoja wao.

Ikiwa gunia la mchele wa kukopa limewekewa sharti hilo, itakuwaje kwa amana ya kuchagua watakaosimamia roho na mali za watu zaidi ya milioni 61, kwa hesabu ya sensa ya mwaka 2022?

Kwa miaka mingi Sheria ya Taifa ya Uchaguzi, kifungu cha 7, iliwafanya wakurugenzi wa halmashauri kuwa wasimamizi wa uchaguzi. Mkurugenzi huteuliwa na Rais, na Rais aghlabu huwa mgombea na mwenyekiti wa chama chenye wagombea nchi nzima. Mei 2019 Mahakama Kuu ilikitamka kifungu hicho kuwa kinapingana na Katiba. Oktoba mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikatengua hukumu hiyo. Juni 2023 Mahakama ya Afrika, iliyopo Arusha, ikaona kuwa haki imekiukwa.

Novemba 2023 serikali ikapeleka Bungeni miswada ya sheria za uchaguzi. Wengi waliipinga, Januari 24, 2024 CHADEMA waliandamana Dar es Salaam. Februari 2024 Bunge likaipitisha.

Hatuikatai kheri iliyomo. Wajumbe wa Tume sasa hupitia Kamati ya Usaili inayoongozwa na Jaji Mkuu, ingawa naye ni mteule wa Rais. Lakini msimamizi wa uchaguzi huteuliwa na Tume kutoka miongoni mwa watumishi waandamizi wa umma. Je, mkurugenzi si mtumishi mwandamizi? Aliyetolewa kwa mlango wa mbele ameachiwa mlango wa uani.

Watu wanatuambia: Tume sasa inaitwa Huru. Wanafunzi wa fiqhi wanaijua kaida kwamba katika mikataba huzingatiwa makusudio na maana, si matamshi. Jina halibadilishi hukumu ya kitu.

Wala hatusemi kila mkurugenzi ni mwizi wa kura. Kufanya hivyo ni dhulma. Kuna kisa mashuhuri cha Sayyidna Ali (R.A.) na Kadhi Shurayh, ambacho wanazuoni wameisemea udhaifu isnadi yake. Khalifa alidai deraya yake, akamleta mwanawe Hasan kuwa shahidi, kadhi akaukataa ushahidi wa mwana kwa babaye. Nani angethubutu kusema Hasan ni mwongo? Lakini hukumu yenyewe imo katika vitabu vya fiqhi bila ya kutegemea kisa hiki: ushahidi hurudishwa kwa ajili ya tuhuma ya ukaribu, hata kama shahidi ni mkweli. Basi tunachokipinga ni nafasi, si mtu.

Na aliyedhulumiwa katika kura ya Rais aende wapi? Ibara ya 41(7) ya Katiba inazuia mahakama kuchunguza uchaguzi wa Rais. Mahakama ya Afrika iliilaumu ibara hiyo Julai 2020. Uchaguzi wa Oktoba 2025 ukafika ingalimo. Kenya, Septemba 2017, Mahakama ya Juu ilifuta matokeo ya urais na nchi ikarudia kura. Kwetu mdai hana kadhi.

Wapo ndugu wanaosema haya ni siasa, hayafai msikitini. Tunawauliza: mizani ya sokoni ikipunjwa, khatibu anyamaze?

Yatakapoletwa marekebisho mengine, maimamu waombe nakala ya muswada, waisome na waumini, na kamati ya kila msikiti iandike maoni yake kwa Kamati ya Bunge kabla muda haujafungwa. Waanze na kifungu kinachosema nani anamteua msimamizi, na nani anaweza kumwondoa.

Wabillahi tawfiq.