Msaada wa Sheria kwa Mgeni Aombaye Uraia



Wako kati yetu watu waliotoka nchi nyingine nao wamekuwa wenzetu: mke aliyeolewa kutoka Tanzania au Uganda, mkwe aliyekuja kufanya kazi akakaa, mtoto aliyezaliwa ng'ambo na binti yetu. Wote huuliza neno moja: tufanyeje tupate uraia wa Kenya? Yafaa swali hili lijibiwe mbele ya mkutano, kwa maana kosa katika jambo hili laweza kumwondolea mtu makao yake.

Kwanza, mtu aujue mlango ulio wake. Kwa Katiba ya mwaka 2010, mtoto ambaye baba au mama yake alikuwa raia siku alipozaliwa, yeye ni raia wa kuzaliwa, hata akiwa alizaliwa nje ya Kenya. Huyu haombi kupewa uraia. Yampasa kuonyesha hati za mzazi wake. Aliyeoana na raia kwa muda usiopungua miaka 7 ana haki ya kuandikishwa akiomba. Mgeni mwingine aliyekaa nchini kwa halali miaka 7 mfululizo aweza kuomba, akitimiza masharti ya sheria. Naye Mkenya wa kuzaliwa aliyepoteza uraia kwa kuchukua wa nchi nyingine ana haki ya kurudishiwa akiomba.

Hapo ndipo ilipo faida ya mwanasheria. Kazi yake ya kwanza si kuandika barua nzuri, bali ni kutuonyesha mlango, tusije tukalipa fedha kuomba kitu ambacho tayari ni chetu, au tukabisha mahali pasipofunguka.

Tuchukue mfano wa mke. Kwetu, mbuzi wa ntheo wakiisha kupokewa, wazee wamekiri kwamba ndoa imesimama. Lakini karani wa Uhamiaji hakuwapo siku ile. Yeye huomba cheti. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 yataka ndoa ya kimila iandikishwe kama ndoa nyingine. Mke asiye na cheti aweza kukaa Kalama miaka 20 na bado ashindwe kuthibitisha ile 7. Tena Katiba hairuhusu asiye raia kumiliki ardhi ila kwa kukodi, kwa muda usiozidi miaka 99. Basi mume akifariki, mama huyu atasimamaje mbele ya shamba alilolilima ujana wake wote? Lakini akiisha kuandikishwa, ajue kwamba uraia hauondoki kwa sababu ya ndoa kuvunjika.

Pili, msaada upatikane wapi? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 iliweka huduma ya Serikali ya kuwasaidia bure wasio na uwezo. Wanaotajwa humo ni raia, watoto, wakimbizi na watu wasio na nchi yoyote, pamoja na wengine. Mgeni mwenye uraia wa kwao hakutajwa kwa jina. Kwa hiyo huyu yampasa kutafuta wakili wa kumlipa, au kuuliza katika vyama vya hisani kama Kituo cha Sheria, kilichoanza mwaka 1973, na FIDA Kenya kwa upande wa akina mama. Wakili naye awe na cheti cha kazi cha mwaka huo huo. Chama cha Wanasheria cha Kenya chaweza kutuambia kama anacho. Tupatane ada kabla ya kazi, na kila shilingi iandikiwe stakabadhi.

Tatu, tujihadhari na madalali wa vyeti. Katiba yasema uraia wa kuandikishwa uliopatikana kwa udanganyifu, au kwa kuficha jambo, waweza kufutwa. Dalali akiisha kula fedha huenda zake. Anayebaki na aibu na hasara ni yule mgeni na watoto wake.

Tuwakumbuke Wamakonde wa Kwale. Wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, wakazaa na kuzikana huko, bila vitambulisho. Sheria ya Uraia ya mwaka 2011 ilifungua nafasi ya miaka 5 kwa wasio na nchi waliokuwa Kenya tangu kabla ya Uhuru, nayo miaka ile ikapita wangali wanangoja. Wakiungwa mkono na mashirika ya haki za binadamu, Oktoba 2016 walishika njia kwa miguu kuelekea Nairobi, na Rais Uhuru Kenyatta akaamuru waandikishwe kabla ya mwaka kwisha. Kukaa kwao miaka mingi hakukutosha. Ilibidi wapate wa kuwasemea na kushikamana wenyewe kwa wenyewe.

Sisi wa Kalama twajua mwethya. Hakuna aliyechimba matuta ya vilima hivi peke yake. Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, twaomba mkutano ukubali mambo mawili: kwamba Chama kitenge akiba ndogo ya kulipia shauri la kwanza la wakili kwa jamaa ya mwanachama asiyejiweza, na kwamba mzee mmoja afuatane na kila mwombaji, ili ashuhudie ndoa na makao yake. Aliyekula nasi wakati wa njaa asiachwe peke yake mlangoni pa ofisi.