Wapiga Picha na Wachoraji Waliotufundisha Kutazama

Maneno yaliyosemwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Hola



Katibu ametutaka tueleze mambo mawili: ni akina nani waliotutia hamu ya kupiga picha, sisi ambao tunaifanya kazi hii kwa mapenzi tu wala hatuna studio, na ya pili, kazi hiyo yaweza kukifaa nini Chama. Tutaeleza kwa ufupi, kisha tutaweka ombi letu mbele yenu.

Wa kwanza ni jirani zetu wa pwani. Mtu akiteremka kutoka Hola hadi Garsen, akashika njia ya Lamu na kuvuka maji pale Mokowe, hufika katika mji alioishi marehemu Omar Said Bakor. Mzee huyu hakusomea upigaji picha katika chuo chochote. Alijifunza mwenyewe, akaanza kwa kuwapiga picha watu njiani, baadaye akafungua studio yake iliyojulikana kwa jina la Bakor. Alifariki mwaka 1993. Alikuwa hodari wa kukata picha kwa mkono na kuziunganisha, akatoa picha za ajabu ambazo leo wataalamu wa nchi za mbali huzichunguza na kuziandikia vitabu. Kwake tulijifunza kwamba mtu wa mji mdogo, mwenye vyombo vichache, aweza kufanya kazi ya kudumu.

Mombasa alikuwako N. V. Parekh, ambaye studio yake ilipokea watu wa dini na makabila mbalimbali tangu miaka ya 1940 hadi karibu na mwaka 1980. Walikuja maharusi, marafiki, na wazazi pamoja na watoto wao, kila mtu akitaka aonekane kama apendavyo mwenyewe. Unguja nako, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na mwanawe akairithi kazi hiyo pamoja na hazina ya picha. Hawa walitufundisha adabu. Anayepigwa picha ni mgeni wa heshima: huombwa ruhusa, hupewa nafasi ya kujitengeneza, na akikataa huachwa kwa amani. Nasi tumeishika desturi hiyo katika vijiji vya Wapokomo kandokando ya mto, na kadhalika katika manyatta ya ndugu zetu Waorma na Wardei.

Katika wachoraji tutamtaja mmoja, Joy Adamson. Wengi humjua kwa habari za simba Elsa, lakini kabla ya hayo alipewa kazi na serikali ya kikoloni ya kuchora watu wa makabila ya Kenya pamoja na mavazi na mapambo yao. Alichora mamia ya picha, na kitabu chake juu ya watu wa Kenya kilitoka mwaka 1967. Mapambo mengi aliyoyachora hayavaliwi tena. Ndipo tulipotambua kwamba shanga, kofia na msuko wa nywele vyafaa kuangaliwa kwa makini kama vile uso wenyewe.

Sasa tuje kwa wale waliotoka studio wakaenda kwenye hatari. Mohamed Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943. Mwaka 1984 alipiga picha za njaa ya Ethiopia huko Korem, na ziliporushwa mwezi wa Oktoba dunia nzima ilishtuka, misaada ikaanza kumiminika. Mwaka 1991 alipoteza mkono wa kushoto katika mlipuko wa ghala la silaha mjini Addis Ababa, naye hakuacha kazi. Alifariki tarehe 23 Novemba 1996, ndege iliyokuwa imetekwa nyara ilipoanguka baharini karibu na Visiwa vya Komoro.

Mwenziwe, Priya Ramrakha, alizaliwa Nairobi pia, mwaka 1935. Alipiga picha za siku za hali ya hatari na za kupatikana kwa Uhuru, akauawa tarehe 2 Oktoba 1968 akiwa kazini katika vita vya Nigeria. Baada ya kifo chake sehemu kubwa ya picha zake ilisahauliwa kwa miaka mingi, mpaka jamaa yake mmoja alipozitafuta na kuzikusanya. Kitabu chake kilitoka mwaka 2018, miaka 50 baada ya kuuawa kwake.

Wa mwisho ni Seydou Keïta wa Bamako, katika nchi ya Mali, aliyefungua studio mwaka 1948 na kuwapiga picha maelfu ya watu wa mji wake. Mwaka 1991 picha zake zilionyeshwa New York, nazo zilitundikwa ukutani zikiwa na maelezo kwamba mpigaji hajulikani. Ilhali mwenyewe alikuwa hai, yuko kwao Bamako! Alitafutwa akapatikana, na sifa yake ikaenea kabla hajafariki mwaka 2001. Habari hii ndiyo iliyotugusa kuliko zote, kwa sababu picha zilisalimika, lakini jina lilikuwa karibu kupotea.

Wazee wetu, mji huu wajua thamani ya ushahidi. Tarehe 3 Machi 1959 watu 11 waliowekwa kizuizini katika kambi ya Hola waliuawa kwa kipigo. Tangazo la kwanza la serikali ya kikoloni lilihusisha vifo hivyo na maji waliyokunywa. Uchunguzi wa maiti na wa mahakama ndio uliothibitisha kwamba walipigwa, na mwezi wa Julai habari hiyo ikajadiliwa kwa ukali katika Bunge la Uingereza. Ukweli ulipona kwa kuwa wako walioyatazama majeraha na kuandika walichokiona.

Tena tuiangalie ngadzi, ngoma kuu ya Wapokomo. Ilichukuliwa zamani za ukoloni, nayo imehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Wengi wetu tunaijua kwa picha tu.

Na picha zetu wenyewe ziko wapi? Ziko katika masanduku ya bati na mifuko ya nailoni, chini ya vitanda, katika nyumba za udongo zilizo karibu na mto. Mto Tana ulifurika mwaka 1961, ukafurika mwaka 1997, ukafurika tena mwishoni mwa mwaka 2023. Watu hukimbia na watoto na mifugo. Sanduku la picha hubaki nyuma. Vijana nao hupiga picha nyingi kwa simu, lakini simu ikianguka majini picha zote huenda nayo.

Iko hasara nyingine isiyongoja mafuriko. Katika picha ya harusi ya mwaka 1960, huenda amebaki mzee mmoja tu awezaye kuwataja wote waliosimama. Picha hiyo ikisalia bila majina, wajukuu wataitazama kama watazamavyo picha ya wageni.

Kwa hiyo tunaomba mkutano huu ukubali mambo manne. Kwanza, kila familia ilete picha zake za zamani, tuzinakili mbele ya macho ya mwenyewe na kumrudishia siku ile ile. Pili, wazee wakae pamoja na vijana, na kila picha iandikiwe majina, mahali, mwaka, na jina la mpigaji ikiwa lajulikana. Tatu, nakala ziwekwe mahali pawili: seti moja hapa Hola, na nyingine nje ya bonde la mto. Nne, picha yoyote isichapishwe bila ruhusa ya wenyewe.

Hatuombi fedha za kununua kamera, kwa kuwa tulizo nazo zatosha. Gharama ni kabati moja ya chuma na vyombo viwili vya kuhifadhia nakala. Lililo kubwa ni muda wa wazee wetu, nasi tuko tayari kuwafuata nyumbani kwao, kuanzia na walio wakongwe zaidi.

Bwana Mwenyekiti, tunaliacha ombi hili mikononi mwa mkutano.