Kamba ya Makumbi na Somo la DNA

Ndugu Walimu, mwanafunzi wa Kidato cha Sita hapa Bagamoyo hukariri kuwa DNA ni nyuzi mbili zilizosokotana, ilhali kamba ya makumbi imejaa pwani. Mpeni aifumue. Kisha aambiwe lile ambalo kamba haina: vipago vya kati, adenini kwa thaimini, guanini kwa sitosini, kama Watson na Crick walivyoeleza mwaka 1953. Uzi mmoja ukijulikana, wa pili husomeka.

Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa DNA ya watu 80 wa kale, wengi wa miji ya pwani, Kilwa ikiwamo. Kwa wengi wao zaidi ya nusu ya asili ni Afrika, hasa kwa akina mama. Sehemu kubwa iliyobaki ni Uajemi, kwa akina baba. Mtoto aliyeambiwa na bibiye kuwa wao ni Washirazi atauliza, tena mbele ya magofu ya Kaole. Mwalimu aliyekariri naye atamnyamazisha.