Tarumbeta la Kaboya na Tamasha la Mataifa



Tangu miaka ya 1950 mji wa Edinburgh, huko Uskoti, umekuwa ukikaribisha bendi za majeshi ya nchi mbalimbali. Wapigaji hupita mbele ya ngome ya kale kwa matarumbeta, ngoma na zumari, huku maelfu ya watu wakiwatazama. Mwananchi wa Bukoba au Muleba anaweza kudhani kwamba tamasha la namna hiyo ni anasa ya wakubwa isiyomhusu. Dhana hiyo si sahihi.

Kabla ya ukoloni, watawala wa Kihaya, wa Ihangiro wakiwamo, walikuwa na ngoma zao za enzi. Mkoloni alikuja na tarumbeta la kambini: la kumwamsha askari, kumwita gwarideni na kumlaza. Juni 1915 majeshi ya Waingereza yalivuka Ziwa Viktoria, yakaushambulia mji wa Bukoba uliokuwa mikononi mwa Wajerumani, yakauangusha mnara wa simu ya upepo.

Hata hivyo Waafrika hawakubaki wasikilizaji tu. Huko pwani, tangu miaka ya 1890, waliigeuza bendi ya Mzungu ikawa ngoma ya beni. Vyama vya Marini na Arinoti vilishindana kwa mavazi, vyeo na gwaride, na Vita Kuu ya Kwanza ikaieneza ngoma hiyo bara pamoja na askari na wapagazi. Kilichokuwa chombo cha kutawalia watu kikawa chombo cha watu kujipanga na kusaidiana.

Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilipoundwa Septemba 1, 1964, bendi ikawa sauti ya taifa huru. Maana ya sauti hiyo haionekani mahali popote vizuri zaidi kuliko Kaboya, wilayani Muleba. Hapo wamezikwa askari waliokufa katika vita dhidi ya nduli Idi Amin, aliyeivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na ambaye utawala wake uling'olewa Kampala Aprili 1979. Siku ya Mashujaa ya Julai 25, 2013 iliadhimishwa kitaifa hapo hapo Kaboya. Katika maadhimisho ya siku hiyo silaha za jadi huwekwa kwenye mnara, watu husimama kimya, na tarumbeta hulia. Hakuna apigaye makofi.

Mtoto asiyeelezwa sababu ya ukimya huo ataiona bendi kuwa burudani tu. Hapo ndipo wajibu wa mwalimu unapoanza: kuomba ruhusa ya jeshi, kuwapeleka wanafunzi makaburini, na kuwaeleza walichokitetea waliolala pale. Wajibu wa mtumishi wa umma ni kuandika simulizi za wazee na askari wastaafu kabla hazijazikwa pamoja nao.

Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyovunjika mwaka 1977, ilifufuka mwaka 2000. Wazalendo wa Uganda walipigana bega kwa bega na Watanzania dhidi ya nduli. Bendi za majirani zinastahili kukutana siku moja ufukweni Bukoba, zikacheza gwaride pamoja. Lakini tamasha hilo lianzie Kaboya, kwa kimya. Mgeni atajifunza kuuheshimu ukimya huo ikiwa tu mwenyeji ameuelewa kwanza.